Kichwa cha Treni Uani Kwetu Rwezamenyo

Juzi mjukuu wangu alinipeleka hospitali ya Kibagabaga hapa Kigali kupimwa damu. Mjukuu mwenyewe ni mkubwa, amesoma mpaka vitabu vimemchoka, ana gari lake, na ananifungulia mlango kama mimi ni waziri. Niache nijisifu, nani mwingine atanisifia? Basi muuguzi akachovya pamba kwenye kichupa, akanipangusa mkono, na harufu ya spiriti ikanipanda puani. Wengine wakisikia harufu ile hukaza mkono wakingoja sindano. Mimi nikacheka.

"Bibi, iko nini?" muuguzi akaniuliza.

"Nimesikia harufu ya treni," nikamjibu.

Akamtazama mjukuu wangu kwa jicho la pole, kama anayesema bibi yenu ndiyo anaondoka hivyo.

Siondoki. Kaa nikueleze wewe, rafiki yangu, maana yule muuguzi alikuwa na foleni na wewe naona huna haraka. Kila mtu anajua nchi hii haikuwa na reli. Tulikuwa na milima, tukawa na malori, baadaye na mabasi, lakini reli hapana. Hata hivyo uani kwetu Rwezamenyo, nilipokuwa na miaka kumi, treni ilipita. Niliona kwa macho haya, na kamba za pistoni zake nilizisuka kwa vidole hivi hivi ambavyo leo havifungui hata kifuniko cha chupa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru, Wazungu wengi wanafunga mizigo, na maduka ya mjini yamejaa vitu vyao: vitanda vya chuma, vinanda, baiskeli za watoto, vioo virefu kama mlango. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo iliyopakwa chokaa, na kibarazani Baba alikuwa akishona. Mtaa mzima ulikuwa mtaa wa mafundi. Ukipita asubuhi unasikia cherehani zinagongana kama mvua kwenye bati, unasikia mkaa wa pasi unapulizwa, na mandazi ya jirani yetu yananukia iliki mpaka msikitini. Baba alizaliwa Tabora, akaja Kigali na biashara ya vitambaa, akamwoa Mama, mtoto wa Kabuga. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa Baba, Kinyarwanda kwa Mama, na tukigombana tulichanganya.

Babu alikuja kuishi nasi bibi alipofariki. Huyu Babu maisha yake yote alikuwa mtia kuni kwenye treni, njia ya kutoka Tabora kwenda ziwani. Alikuwa na nywele nyeupe, koti jeusi ambalo halivuliwi, na mikono migumu, akikushika shavu unadhani umepanguswa na gome. Na alikuwa na taabu moja: alikuwa na hadithi moja tu, na alikuwa ameileta mahali ambapo hakuna anayeijua treni. Jioni wazee walikaa kibarazani wakinywa chai ya tangawizi, Babu akaanza treni yake. Wakamuuliza inakula nini. Kuni. Inakunywa nini? Maji. Na inatoa moshi kichwani? Ndiyo.

"Mzee, hiyo ni ng'ombe," jirani wa mandazi akadakia kutoka kwenye karai lake. "Inakula, inakunywa, inapiga kelele. Na maziwa je?"

"Haina maziwa."

"Basi ng'ombe gani hiyo! Mumchinje tu."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Babu naye alicheka, lakini niliona akitazama viatu vyake. Baada ya hapo akaacha kusimulia. Alikuwa akikaa tu na koti lake.

Sasa sikiliza shida yangu mimi, maana hadithi hii ni ya shida yangu.

Baba alikuwa na cherehani mbili. Ya miguu alishonea mwenyewe. Ya mkono, ndogo, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia ubavuni, niliahidiwa mimi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la pili, Mama alipojifungua mapacha na mikono ikahitajika nyumbani. Chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, ndiko nilikobaki. Baba akaniambia, "Ukihifadhi juzuu amma yote, cherehani hii ni yako, na riziki yake ni yako." Rafiki yangu, nilihifadhi! Nilihifadhi nikiteka maji bondeni, nilihifadhi nikipuliza pasi, nilihifadhi na pacha mmoja mgongoni na mwingine ananivuta kanga. Mama alisema hata mboga zangu zinatoka zimesomewa. Siku niliyosoma mbele ya mwalimu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama, mwalimu akaniombea dua, nami nikapanda kilima mbio, vumbi jekundu mpaka magotini, nikafika kibarazani kuchukua cherehani yangu.

Haikuwepo.

Mahali pake pamelala kitu cheusi, kirefu kama mtoto wa miaka miwili, kizito kama debe la maharage. Kina magurudumu, kina bomba juu, kina kutu, na kinanuka stoo.

"Baba yako ametoa cherehani ya kazi," Mama akaniambia, "akatuletea sufuria yenye matairi."

Kilikuwa kichwa cha treni. Mfano wake, lakini si kichezeo cha kuvuta kwa kamba. Mzungu mmoja alikuwa amekitengeneza au amekinunua kwao, chuma na shaba tupu, kila kitu kama cha kweli: tangi la mvuke, pistoni, mikono ya kusukuma magurudumu, taa yake ya spiriti chini ya tumbo. Mzungu akaondoka, kichwa kikabaki kwa Mhindi mwenye duka la vyombo mjini. Kilikuwa kimekufa, hakuna aliyekitaka. Na mwenye duka hakutaka fedha, alitaka cherehani, kwa sababu cherehani zilikuwa zinatafutwa kila siku.

Nililia. Nililia kwa sauti, mtaa wote usikie. Baba akanivuta nyuma ya mlango akachuchumaa mbele yangu. Sijawahi kumwona fundi mzima akiogopa mtoto vile.

"Nyamaza nikwambie. Mwenye duka ameniahidi. Ana mteja Bujumbura anayekitaka, lakini kiwe kizima. Kikitembea, nikimrudishia, cherehani inarudi na kitambaa juu yake. Haiuzi kabla ya hapo. Ameiweka juu kwenye rafu."

"Na kisipotembea?"

"Kitatembea. Babu yako yuko." Akatazama uani, akashusha sauti. "Lakini yeye asijue kwamba kinarudi dukani. Tumwache afurahi kwanza."

Basi ndivyo nilivyobebeshwa siri, na ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi wa treni.

Babu akaletwa kukiona. Alipiga magoti. Akakigusa bomba, akakigusa magurudumu, akaingiza kidole kwenye mlango mdogo wa tanuri akakinusa. Kisha akavua koti, mchana kweupe. "Nani amemtesa hivi?" akauliza. Alisema kama anayeuliza habari za punda aliyepigwa.

Tulikifungua juu ya kanga kuukuu ya Mama. Kila parafujo Babu aliyoitoa, Baba aliichomeka kwenye kipande cha kadibodi na pini, kwa mpangilio, kama anavyopanga vipande vya koti kabla ya kushona. Mkono mmoja wa kusukuma magurudumu ulikuwa umepinda, wakaunyoosha juu ya jiwe la kusagia, Mama analalamika. Tangi lilikuwa limetoboka kisogoni. Fundi wa masufuria akaliziba kwa risasi ya kuyeyusha, vile vile anavyoziba birika. Babu hakufurahi. Alisema tangi la treni huunganishwa kwa shaba, risasi ni rafiki wa siku njema: maji yakiwepo inashika, maji yakikauka moto unaila na tangi linafunguka. "Kwa hiyo," akaniambia, "wewe macho yako ni kwenye maji. Mengine niachie mimi."

Pistoni nazo zilikuwa zimekauka, mvuke ungepita pembeni bila kazi. Zilihitaji kuzungushiwa kamba laini ya pamba iliyolowa mafuta ya ng'ombe, na mahali penyewe ni padogo, kidole cha mtu mzima hakiingii. Changu kiliingia. Nilisuka uzi wa kushonea nyuzi tisa kwa tisa, kama ninavyosuka nywele za mdogo wangu, nikauchovya mafuta, nikauzungusha, nikaufumua, nikauzungusha tena, mpaka Babu akisukuma pistoni inakwenda na kurudi kama inalamba. Vidole vyangu vilinuka mafuta ya ng'ombe hata nikila ugali na isombe ya majani ya muhogo. Babu akawaambia wazee kibarazani, "Mtoto huyu ana mapenzi na chuma." Mapenzi gani? Nilikuwa na haraka. Kila uzi niliozungusha, nilikuwa naivuta cherehani yangu ishuke kwenye rafu.

Waligombana pia, yeye na Baba. Baba alitia mafuta ya cherehani kwenye pistoni, akidhani amefanya wema. Babu akaruka. "Haya ni maji! Mvuke utayaosha kabla hujasema bismillahi. Nenda utafute mafuta ya mbarika, mazito." Baba, mwanaume mwenye wateja na mapacha, akainuka akaenda kutafuta mbarika kama katoto kalikotumwa. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Na spiriti! Taa ile ilikunywa spiriti, na spiriti inauzwa dukani kwa chupa. Baada ya chupa ya tatu mtaa ukaanza kunong'ona: nyumba ya Waislamu, mzee wa juzi katoka Tabora, na chupa hizi za nini? Jirani wa mandazi akamuuliza Mama mbele ya watu kisimani. Mama akajibu kwa sauti, "Ni ya treni!" Ikawa mbaya zaidi. Nani Kigali ana treni?

Ikabaki reli. Robota za vitambaa zilikuja zimefungwa kwa mikanda ya chuma, na nyuma ya kila fundi Rwezamenyo kulikuwa na lundo la mikanda hiyo. Baba aliikusanya, akainyoosha, akaisimamisha kwa ubavu kwenye vipande vya mbao alivyovichanja kwa msumeno. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko kama kila uwanja wa mji huu, ikabidi tuchimbe upande mmoja na kujaza upande mwingine, na Babu akapima usawa kwa sinia lenye maji: maji yakikimbilia upande, rudi kachimbe. Reli ikatoka mlango wa jikoni ikaishia karibu na choo. Hatua ishirini na mbili. Mama akasema anashukuru Mungu, sasa hata chooni tutakwenda kwa usafiri.

Siku ya kwanza ya kutembeza tulingoja baada ya alasiri. Uwanja ukajaa. Wazee wote wa kibarazani walikuja, jirani wa mandazi akaja na karai lake kabisa, watoto wakapanda ukuta. Babu akawasha taa, sote tukasubiri maji yachemke, na kwenye bomba ukaanza kutoka moshi mwembamba. Nikatazama kioo cha kupimia maji ya tangi kama nilivyoagizwa. Maji yapo. Babu akafungua valvu polepole. Kichwa kikatikisika, kikapumua mara moja, fuu, kikaenda nusu hatua.

Kikazama. Magurudumu yalitumbukia katikati ya reli, kichwa kikalala ubavu, spiriti ikamwagika, moto ukatambaa kwenye nyasi za ukingo. Watu wakakimbia. Babu akachukua lile koti lake, koti la miaka yote, akalitupa juu ya moto akalikandamiza kwa viganja. Tangi lilikuwa limeinama, maji yamekimbilia mbele, na kule kisogoni risasi ya fundi wa masufuria ikatiririka chini kama uji.

Moto ulipozimika, Babu alibaki amekaa chini, viganja vimekuwa vyekundu. Hakutazama kichwa, alitazama reli. Akaweka vidole kupima upana.

"Ulipima ngapi?"

"Inchi tatu na nusu," Baba akajibu.

"Hapa kuna zaidi."

Baba akakuna kichwa. "Niliongeza nusu kila upande. Ya mshono."

Fundi akipima hukata na ziada, ndiyo mkono wake, hawezi kujizuia, hata umwamshe usingizini. Baba alikuwa ameipimia treni kama suruali.

"Chuma hakina mshono, wewe!" Babu akapiga kelele. "Umeishonea treni suruali ya kukua nayo!"

Jirani wa mandazi ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, na safari hii hata Babu, kwa sauti, akipuliza viganja vyake. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona cherehani yangu inarudi juu, juu kabisa ya rafu.

Tulirudia. Risasi upya, kamba upya, na Baba akang'oa mbao zote akapigilia reli akiimba "bila mshono, bila mshono" ili mkono wake usisahau. Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri vile vile, walikuja watu wachache kuliko mara ya kwanza. Waliokosa walijuta mpaka wanazikwa. Babu alifungua valvu, kichwa kikapumua, fuu, kikapumua tena, fuu, fuu, mikono ikaanza kupanda na kushuka, na kikaenda. Kikapita mbele ya Mama, kikapita mbele ya kuku, kikapita mbele ya wazee waliokuwa wamekunja kanzu zao kama wanaogopa kuloa, kikafika karibu na choo, Babu anatembea kando yake ameinama, mkono mmoja nyuma.

"Yoo!" jirani akasema. "Kumbe mzee hakuwa anatudanganya."

Hakumwomba radhi kwa maneno. Alitoa mandazi yote ya karai akagawa bure, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa radhi ya mwaka mzima.

Ungedhani Babu ametosheka. Wapi! Sasa ndipo alipoanza kukiboresha. Taa ya utambi mmoja haimtoshi, akatia tambi tatu. Filimbi yake ilikuwa imeziba, akatengeneza nyingine kwa mrija wa pampu ya baiskeli, ikawa na sauti nene, ikilia mapacha wanajificha. Baba akatengeneza behewa la ubao, tukaweka sahani za chapati jikoni zikaenda zenyewe kwa wageni. Kiangazi chote wazee hawakukaa tena kibarazani, walikaa uani, na Babu akasimulia kila stesheni na kila daraja, hakuna aliyesema ng'ombe. Watu walitoka Nyamirambo yote kuja kuona. Nami, sitakuficha, kuna siku zilipita bila kukumbuka cherehani. Babu alinifundisha kusikiliza: mpumuo ukiwa mkavu, punguza, ukiwa wa majimaji, ngoja. Siku moja akaniachia valvu, nikakipeleka mwenyewe mpaka mwisho na kukirudisha.

Kisha mwenye duka akaja. Alikuja mchana, kwa adabu, na cherehani yangu imefungwa kwenye shuka begani mwa mchukuzi. Habari zilikuwa zimemfikia mjini. Akakitazama kinavyotembea, akapiga makofi mara moja, akamwambia Baba, "Fundi, mimi nimetimiza ahadi. Wewe?"

Babu akauliza ahadi gani. Baba akamweleza, macho chini. Nilitaka ardhi inimeze. Babu hakugomba. Alikaa kwenye debe lake la kukalia na kitambaa cha kufutia chuma mkononi, na alikuwa mzee kuliko asubuhi.

Baba akashindwa kuchagua. Nilimwona akishindwa. Akasema, "Cherehani ni ya huyu mtoto, aliifanyia kazi. Aseme yeye."

Watu wazima wote wakanigeukia. Mama alikuwa mlangoni na pacha kifuani. Kichwa kilikuwa bado kina joto, kinatoa kamvuke kadogo. Ningeweza kukuambia kwamba nilitafakari sana. Sikutafakari. Nilikuwa na miaka kumi na niliihifadhi juzuu amma yote.

"Cherehani," nikasema.

Babu akatikisa kichwa, kukubali. Akainuka. Akatoa maji tangini, akakausha, akakipaka mafuta sehemu zote, tukakingoja sote kama tunangoja maiti kuoshwa, hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akamwita mwenye duka asimame mbele yake.

"Kwetu relini, zamu ikibadilika," Babu akasema, "hupokei kichwa mpaka uambiwe maradhi yake. Usipoambiwa ukafa njiani, damu yako iko kwa aliyekukabidhi. Sikiliza. Kisogo cha tangi kimezibwa kwa risasi, si kwa shaba. Maji yakikauka kitapasuka. Gurudumu la tatu la kushoto limelegea. Filimbi si yake, ni pampu ya baiskeli. Na kamba za pistoni ni za mtoto, zitahitaji kubadilishwa kabla ya masika."

Baba alikuwa anamfanyia ishara ya nyamaza, nyamaza. Nani ananunua kitu baada ya kuambiwa hivyo? Kidogo nipige kelele. Babu alikuwa anairudisha cherehani yangu dukani kwa mdomo wake mwenyewe, neno kwa neno, na hakuna aliyeweza kumzuia.

Mwenye duka akakizunguka kichwa, akainama, akatazama kisogo.

"Mzee," akasema, "nauza vitu tangu sijaota ndevu. Hakuna aliyewahi kuniuzia na ubovu wake." Akamgeukia mchukuzi akamwambia atue cherehani. Akaifungua shuka mwenyewe. Kisha akanitazama mimi, siyo Baba. "Na hii yako, binti, nayo ina ugonjwa. Nimeitumia dukani kujaribia nyuzi. Kwenye kitambaa kizito inaruka mshono. Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

"Umepokea?"

"Nimepokea."

Mchukuzi akakibeba kichwa begani kimefungwa kwenye shuka ile ile, akashuka nacho barabarani, bomba limechungulia nje. Watoto walikisindikiza hadi njia panda. Babu hakutoka. Sikujua kama kilifika Bujumbura, wala kama kilitembea tena, wala nani alibadilisha kamba zangu.

Cherehani ya mkono, wewe hujui taabu yake. Mkono mmoja unazungusha mpini, unabaki mmoja wa kuongoza kitambaa, na mtoto wa miaka kumi mkono mmoja haumtoshi. Kesho yake asubuhi nilikuwa nahangaika na upindo wa shuka, mshono unakwenda kama nyoka, Babu akaja na debe lake. Akakaa upande wangu wa kulia. Akashika mpini.

"Wewe shika mbele," akasema. "Twende?"

"Twende."

Alizungusha kwa mwendo mmoja, bila kusita, kama mtu ambaye kazi yake ni kutosimamisha. Kwenye khaki nzito, mahali inaporuka, alipunguza kama anapanda mlima. Upindo ukiisha akasimamisha, akauliza, "Stesheni gani hii?" Sikujua, akanitajia. Hivyo ndivyo nilivyoijua reli nisiyoiona: Tabora tunapoanzia, Usoke kwenye kola, Urambo, Kaliua, Usinge. Tulishona shuka, tulishona foronya, tulishona kanzu za watoto wa chuo, na kila siku tukasafiri mpaka Kigoma, kisha adhuhuri ikaadhiniwa.

Siku ya mwisho ilikuwa shuka la bibi harusi mmoja wa mtaani. Tulifika Nguruka. Akasema mkono umemchoka, tutamalizia kesho.

Leo uani pale pamejengwa nyumba ya ghorofa, chini wanauza simu. Cherehani ile ilikwenda na miaka iliyobeba vitu vingi na watu wengi, na hayo siyasemi hapa. Mafundi wa siku hizi wanakanyaga umeme, hawahitaji mtu wa kukaa nao upande wa kulia. Wakiharibu wanasema, "Mama, ndiyo fasheni." Wajukuu wangu wananiuliza kama nilijuta kuchagua vile, nami nawajibu kwamba cherehani ile ilimlisha mama yao, basi wale wanyamaze. Hayo ndiyo majibu ya mchana. Mengine sijayapata, na umri huu sidhani nitayapata.

Shuka lile nililimalizia mwenyewe baada ya siku tatu za msiba wa Babu. Uvinza na Kigoma nilizifikisha peke yangu, mkono mmoja kwenye mpini, mkono mmoja kwenye kitambaa, na upindo ulikwenda upogo. Bibi harusi alipokuja kulichukua, nililitandaza mbele yake juu ya meza, nikamwonyesha kwa kidole.

"Mpaka hapa tulikuwa wawili," nikamwambia. "Kuanzia hapa, umepinda."